Mabanda ya bati yanawamaliza mbwa wa ulinzi

Kuna makala nimeisoma, mwandishi wake anasema mbwa wa ulinzi akilala ndani ya nyumba analegea, kwa hiyo akae banda la nje. Nimefanya kazi na mbwa hapa Dar es Salaam miaka 9 na sikubaliani naye. Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa na mabanda ya bati tupu. Mbwa amekesha lindoni, mchana ndio alale, lakini saa nane jua limewaka anahema tu, ulimi nje, mpaka jioni. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na akiwa anahema hanusi vizuri. Usiku unamdai kazi gani?

Halafu kupe! Yule wa kahawia hujificha na kutaga kwenye nyufa za banda. Unamwogesha mbwa leo, kesho kajaa tena.

Wangu analala ndani, kwenye sakafu karibu na mlango wa jikoni. Ukigusa komeo tu, keshasimama.

Asiye na nafasi ndani ajenge banda chini ya mwembe, sakafu iinuliwe, nyufa zizibwe, maji yasikauke. Wenye kampuni, nawaomba sana, ng'oeni yale mabati kabla ya joto la Desemba.