Kabla ya maono, kadi ya stoo

Taasisi ikipata fungu la mafunzo, mara nyingi najua litakwenda wapi: semina ya siku tatu hotelini, mada ni uongozi, maono na kujenga timu. Watahudhuria wakuu wa idara na wajumbe wa bodi. Mtunza stoo hataitwa. Karani wa mizani hataitwa. Msimamizi wa zamu ya usiku, yule anayejua mashine gani husimama saa ngapi na kwa sababu gani, hata barua ya mwaliko haitaandikwa jina lake.

Sipingi semina za uongozi. Ninachokipigania ni elimu nyingine ya kuendesha taasisi, ambayo wengi huiita ukarani na kuipita: kuhesabu kilichopo, kuandika kilichoharibika, kupanga matengenezo kabla mashine haijakwama, kukutana asubuhi dakika kumi juu ya tarakimu za jana. Wanaoidharau wana hoja yao, kwamba kinachokuza biashara ni uthubutu wa mtu kuliko madaftari, na hoja hiyo ina ushahidi mzuri tu, nitaufikia. Lakini naona elimu hii imehukumiwa bila kusikilizwa.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Benki ya Dunia, akiwamo Nicholas Bloom, walianza jaribio katika viwanda vya nguo vilivyo karibu na Mumbai, India. Vilikuwa viwanda 28, mali ya kampuni 17 za kifamilia, kampuni zenye wafanyakazi mamia. Stoo zao zilikuwa na nyuzi zilizorundikwa bila lebo, nyingine zikioza kwa unyevu. Zana zilitupwa popote. Mashine ilitengenezwa ikishaharibika. Kasoro za kitambaa zilionekana mwishoni, zikarekebishwa kwa mkono, na hakuna aliyekaa kuuliza zimeanzia wapi.

Watafiti waliorodhesha taratibu 38 za kawaida kabisa za kuendesha kiwanda. Kundi moja la viwanda likapewa washauri kwa miezi mitano: mmoja wa uchunguzi, minne ya kusimama na mameneja hadi taratibu zifanye kazi. Kundi la kulinganishia likapewa mwezi wa uchunguzi tu. Washauri hawakuleta mashine wala mtaji. Katika mwaka wa kwanza, tija ya viwanda vilivyosaidiwa ilipanda kwa asilimia 17.

Nimerudi kwenye tarakimu hii mara nyingi, na kila nikirudi naona imebeba kitu kingine. Kwanza, asilimia 17 hiyo haikutoka mahali pa ajabu. Kasoro zikiandikwa kila siku kwa kila mashine, baada ya wiki mbili mtu anaona kwamba nusu ya matatizo yanatoka kwenye mashine chache, na anajua pa kuanzia. Nyuzi zikiwekewa lebo, hakuna anayenunua rangi ambayo tayari imejaa rafu ya nyuma. Fedha zilizokuwa zimelala stoo zinaamka. Pili, na hapa ndipo ninapokaa zaidi, mambo haya yalikuwa yanajulikana duniani kwa miongo mingi. Kwa nini wenye viwanda hawakuwa wakiyafanya?

Jibu la haraka ni uvivu au ubahili, na si hilo. Wengi waliamini kwa dhati kwamba hayana faida. Ubora wa kitambaa chao ulilingana na wa jirani, basi waliona hakuna cha kurekebisha. Katika utafiti mwingine mkubwa wa kimataifa, Bloom na wenzake waliwauliza mameneja wajipe alama juu ya uendeshaji wa kampuni zao, kati ya 1 na 10. Wastani ulikuwa kama 7, na alama hizo hazikuendana na hali halisi ya kampuni. Aliyeendesha vibaya alijiona sawa na aliyeendesha vizuri. Mtu wa namna hiyo huwezi kumsaidia kwa kumwambia ajiamini. Anahitaji daftari la kumwonyesha.

Kuna tokeo la jaribio la Mumbai ambalo sisi wa Afrika Mashariki tungelisoma kwa makini kuliko yote. Kabla ya washauri kufika, kilichoeleza vizuri zaidi ukubwa wa kampuni kilikuwa idadi ya wanaume katika ukoo wa mwenye kampuni. Mwenye watoto wa kiume na ndugu wengi alikuwa na viwanda zaidi; asiyenao aliishia kimoja, hata akiwa hodari. Sababu ni kwamba mwenye mali hakuthubutu kumwachia mgeni kiwanda. Angejuaje kama haibiwi?

Nani kati yetu hajaiona hali hii? Duka linashamiri Kariakoo, mwenyewe anatamani kufungua la pili Mwanza, lakini hana wa kumweka. Anamtoa mpwa wake shule, au anamwita shemeji asiyejua kazi, kwa sababu damu ndiyo mkaguzi pekee anayemwamini. Kijana mwenye stashahada na akili nzuri anaachwa. Kisha mpwa anaharibu, familia inagombana, na tunasema Waafrika hatuwezi kushirikiana kibiashara. Mimi naona tatizo ni dogo kuliko hilo na linatibika zaidi: mwenye duka hana njia ya kuliona duka asipokuwepo.

Kule Mumbai, taratibu zilipoingia, wenye kampuni walianza kuwaachia mameneja maamuzi zaidi, na ndani ya miaka mitatu kampuni zilizosaidiwa zilikuwa zimefungua viwanda zaidi. Tarakimu za kila siku zilifanya kazi ambayo awali ilifanywa na undugu. Tumezoea kusema hesabu huwekwa kwa kuwa watu hawaaminiani. Katika viwanda vile hesabu ndizo zilizomwezesha tajiri kumwamini asiye ndugu yake.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2014, mjini Lomé, Togo, wajasiriamali 1,500 wenye biashara ndogo waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, fedha, wafanyakazi. La pili lilifundishwa kwa misingi ya saikolojia: kuanzisha jambo bila kusubiri, kujitofautisha, kujiwekea malengo na kuvumilia vikwazo. La tatu halikufundishwa. Katika miaka miwili iliyofuata faida ya kundi la pili ilizidi ya wasiofundishwa kwa asilimia 30. Kundi la hesabu lilipata ongezeko la asilimia 11, nalo kitakwimu halikutofautika na bahati.

Hili ni pigo kwa hoja yangu na silifichi. Makundi yote mawili yalipata saa zilezile za darasa na yalitembelewa na wakufunzi baadaye, hivyo siwezi kusema la hesabu lilitelekezwa. Mama anayeshona nguo na wasaidizi wawili anaiona stoo yake yote akigeuza shingo. Kinachomkwamisha ni kushona sare zilezile zinazoshonwa na mtaa mzima, na hapo kadi ya stoo haimwambii kitu. Kwake yeye, Lomé wamesema kweli.

Lakini nawaomba wanaoutumia utafiti huo kutetea wahamasishaji wausome tena. Wanafunzi wa kundi la pili hawakupewa hotuba za kuwachangamsha. Waliandika malengo, wakapanga hatua, wakatafuta taarifa za kuwaonyesha kama wanafanikiwa, wakarekebisha. Ni nidhamu, na iko karibu na leja kuliko na jukwaa.

Tofauti kubwa zaidi ni ya mali ni ya nani. Mjasiriamali wa Lomé akithubutu akakosea, hasara ni yake. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au meneja wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, anashika fedha za watu mia tatu. Uthubutu wake usio na kumbukumbu ni hatari kwao, hata akiwa mwaminifu. Ndiyo maana chama cha ushirika hakiwezi kufunzwa kama duka la mtu mmoja.

Tanzania iliona hilo mapema. KNCU, chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi vya ushirika, iliundwa Kilimanjaro mwaka 1933 na wakulima wa kahawa, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Nchi ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru na wahitimu wachache mno, lakini iliona ni lazima katibu wa chama cha msingi afundishwe kuandika vitabu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, sheria ya 1982 ikavirudisha. Fikiria kilichopotea katikati. Majengo yalibaki. Mazoea ya kamati kukaa na kuuliza stakabadhi hii iko wapi hayarudishwi kwa sheria.

Wanaokosoa vyuo vyetu wana haki mahali pamoja. Kijana anaweza kufaulu somo la udhibiti wa mali bila kuwahi kuingia ghala lenye korosho, ambako mvua inavuja, mizani inabishaniwa na wakulima wanasubiri mlangoni. Mafunzo kwa vitendo ya wiki chache, mengi yakipita kwenye kunakili fomu, hayamwandai kwa siku hiyo. Viwanda vya Mumbai havikubadilika kwa mihadhara. Vilibadilika kwa sababu mtu alisimama na meneja miezi minne, kwenye tatizo lake mwenyewe. Mafunzo ya aina hiyo ni ghali, na hapa ndipo bajeti ya semina za hotelini inaponiuma. Fedha za siku tatu za ukumbi, posho na usafiri zingeweza kumpeleka mhasibu mzoefu kwenye AMCOS moja kwa msimu mzima.

Hata hivyo kazi haiishi hapo. Watafiti walirudi India miaka tisa baada ya jaribio kuanza. Karibu nusu ya taratibu zilizokuwa zimeingizwa zilikuwa zimeachwa, ingawa viwanda vile bado viliwazidi wenzao. Taratibu zilianguka hasa pale meneja alipoondoka, au wakurugenzi walipokosa muda wa kuzifuatilia. Kwenye vyama vyetu bodi hubadilika kwa uchaguzi, na mara nyingi katibu mpya anapokea funguo, mhuri na kabati la mafaili. Makabidhiano yanasainiwa saa moja. Ningependa yachukue mwezi mzima, katibu wa zamani na mpya wakihesabu stoo pamoja kila Jumatatu, mjumbe wa kamati ya usimamizi akiwa amekaa nao.