Na wale watatu wa Nanyuki je?

Mwandishi, katika makala yako umetukumbusha mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia waliojenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942, ila umewaruka wa kambi ya Nanyuki. Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka, tena si kukimbilia kwao, bali kuupanda Mlima Kenya! Ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Mmoja aliugua njiani. Wawili wakasimika bendera Point Lenana, kimoja cha vilele vya mlima huo, kisha wote wakarudi kambini wenyewe. Wakapewa siku 28 za kufungiwa, wakatumikia 7. Mimi nilipanda Lenana na mpagazi, mpishi na koti zito, na bado meno yaligongana usiku kucha.