Saratani ya Tumbo: Damu ya Ukoo au Jiko Moja?

Katika kikao cha ukoo kinachofuata maziko, iwe Kibosho au Marangu, ikiwa marehemu amefariki kwa saratani ya tumbo kama kaka yake aliyemtangulia, hakosekani mtu wa kusema kwamba ugonjwa huo uko kwenye damu yao. Kauli hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 1998, watafiti waliochunguza ukoo mmoja wa Wamaori nchini New Zealand walibaini hitilafu katika jeni iitwayo CDH1, ambayo husaidia seli za tumbo kushikamana. Anayeirithi huwa katika hatari kubwa ya kupata saratani inayotambaa ndani ya ukuta wa tumbo bila kufanya uvimbe, kiasi kwamba hata kamera ya daktari huweza kuipita. Ndiyo maana baadhi yao hukubali kuondolewa tumbo lote wakiwa bado wazima.

Hata hivyo, saratani za kurithi kwa namna hiyo ni asilimia 1 hadi 3 tu ya saratani zote za tumbo. Ndugu waliolelewa nyumba moja wamerithi jeni za wazazi, lakini pia wamekula sahani moja, na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, chanzo kikuu cha saratani hii, huambukizwa zaidi utotoni, tena ndani ya familia. Kwa hiyo wagonjwa wawili katika ukoo mmoja hawathibitishi urithi (wala hawathibitishi kurogwa, maana hilo nalo husemwa).

Wanaomtupia bakteria lawama zote nao wana la kujibu, kwa kuwa wanaoishi naye ni wengi na wanaopata saratani ni wachache. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba, hadi umri wa miaka 85, hatari kwa wenye bakteria huyo pamoja na hitilafu katika baadhi ya jeni zinazokarabati DNA ni takriban asilimia 45, dhidi ya 14 kwa wenye bakteria bila hitilafu hizo.

Binafsi naegemea upande wa bakteria kwa sababu moja: yeye anatibika. Korea Kusini, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto na ndugu wa wagonjwa, walipopewa wao wenyewe dawa za kumwangamiza, walipunguziwa hatari kwa zaidi ya nusu. Basi mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani hii, akienda kutibiwa vidonda vya tumbo Moshi au Arusha, asiridhike na dawa ya kupunguza asidi kabla hajamweleza daktari historia hiyo na kuomba kipimo cha bakteria, hasa ikiwa ndugu huyo aliugua kabla ya miaka 50, umri ambao shaka ya urithi huwa na uzito zaidi.