G14 ya 2023 au ya 2024? Kabla hujalipa angalia RAM, wati na fundi wako

Mdogo wangu anasoma usanifu majengo, yuko mwaka wa tatu, amedunduliza hela karibu mwaka na nusu ili apate laptopu ya maana. Juzi akanitumia picha mbili WhatsApp. Ya kwanza ASUS ROG Zephyrus G14 ya 2023, mtumba wa Dubai, ya pili G14 ya 2024 mpya kabisa kwenye boksi, bei imezidi kama theluthi hivi. Chini kaandika "kaka nichukue ipi, jamaa anataka jibu kabla ya Ijumaa". Nikamwambia tulia kwanza, maana hili swali watu wanalijibu haraka mno, mmoja atakwambia mpya ni mpya bwana, mwingine atakwambia za siku hizi urembo tu, na unakuta wote wawili hawajawahi kufungua hata skrubu moja ya hizo mashine.

Mimi natumia ile ya kwanza kabisa, ya 2020, mpaka leo. Ilitangazwa Januari 2020 kule Las Vegas kwenye CES, yale maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki, na wakati ule laptopu ya gemu maana yake ilikuwa ni tofali, unabeba begani mpaka bega linauma. Hii ikaja na inchi 14, kilo 1.6 na kidogo, ndani ina prosesa ya Ryzen 9 4900HS na kadi ya picha (GPU) ya RTX 2060, Marekani ikauzwa dola 1,449. Ila haikuwa na kamera. Walitoa kamera kabisa, miezi miwili baadaye dunia nzima ikafungiwa ndani kwa corona na kila mtu yuko Zoom, nikawa naweka simu juu ya vitabu ndo nionekane kwenye kikao. Ya 2021 nayo hivyo hivyo haina. Kamera imekuja 2022, pamoja na kioo kirefu cha 16:10 ambacho kwa mtu anayesoma au kuchora kinasaidia sana.

Kwa hiyo ya 2020 na 2021 sizishauri tena kwa mtu anayeanza upya, labda kama hela ni ndogo sana na kazi ni gemu la mpira la FC na kuandika ripoti. Windows 11 zinapokea bila shida, na NVIDIA, wenye hizo kadi za RTX, walipoleta DLSS 4 (ujanja wao wa kutumia AI gemu liende kasi) mwanzoni mwa 2025 ile sehemu ya kukuza picha wakaipeleka mpaka kwenye kadi za kizazi cha RTX 20 kama hii yangu, jambo zuri sana. Lakini VRAM, yaani memori ya kadi yenyewe, ni GB 6, na kioo cha mwaka ule cha 120Hz (kinabadilisha picha mara 120 kwa sekunde) kinaacha kivuli ukizungusha kamera haraka ndani ya gemu, ukishakiona mara moja utakuwa unakiona kila siku. Ya 2022 nayo nilimwambia dogo aiache, sio mbaya, ila mwaka ule waliweka kadi za Radeon za AMD tupu, RX 6700S na 6800S, na yeye kuna programu za kurenda (kugeuza mchoro wa jengo kuwa picha kama halisi) kama V-Ray ambazo upande wa GPU zimejengwa zaidi kwa NVIDIA. Kwa mtu wa gemu tu ya 2022 ni mashine safi.

Zikabaki hizo mbili zake.

Jambo lenyewe zito ni RAM. G14 zote kuanzia 2020 mpaka 2023 zina RAM nusu imechomelewa kwenye bodi na nusu iko kwenye sloti, unafungua mfuniko wa chini unachomoa kile kijiti unaweka kikubwa. Yangu ilikuja na 16, yaani 8 ya kuchomelewa na 8 ya sloti, nikaweka kijiti cha 32 nikafika 40 na ndo maana bado iko mezani mpaka leo. Ya 2023 yenye 16 ya kuchomelewa ukiweka cha 32 unafika 48. Ikaja 2024 wakabadilisha bodi lote, RAM ni ya aina ya LPDDR5X, yote imechomelewa, sloti hakuna. Ulichonunua siku ile ndo hicho hicho mpaka siku unaiuza. SSD peke yake ndo unaweza kubadilisha. Na ile aliyotumiwa dogo ni ya GB 16! Mwanafunzi wa usanifu anafungua Revit ya kuchora, anafungua Lumion ya kurenda, kivinjari kina tabu ishirini, 16 inaisha mapema sana na hapo yuko mwaka wa tatu tu, bado hajafika kwenye mradi wa mwisho.

Ila nisiwe na upande mmoja. Hawakuchomelea kwa roho mbaya tu, LPDDR5X ina kasi zaidi na inakula umeme kidogo, na kutoa sloti ndo kumewapa nafasi ya kuifanya iwe nyembamba vile. Halafu kuna hili la bei, tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinapeleka memori kwenye data senta za AI, kwa hiyo ile hesabu ya zamani ya "nunua ndogo utaongeza baadaye kwa bei poa" haiko vile tena. Mtu akipata ya 2024 yenye 32 tayari, hoja yangu ya sloti inapungua nguvu, nakubali. Lakini yenye 16 hapana.

Cha pili ni wati, na hapa ndo wengi wanaingizwa mjini. Mashine zote mbili zimeandikwa RTX 4060, jina moja, VRAM GB 8 zile zile. Ya 2023 inairuhusu kadi ivute mpaka wati 125, ya 2024 mwisho 90. Kwa nini, kwa sababu imekuwa nyembamba na moto hauna pa kwenda. Dakika kumi za mwanzo dukani hutaona kitu, kaa nayo masaa mawili kwenye gemu zito au acha irende video ya jengo usiku mzima ndo utaona ya zamani inamaliza mapema. Tofauti sio ya kutisha, lakini inashangaza kulipa zaidi upate wati pungufu. ASUS wenyewe mwaka 2025 walipandisha mpaka 110 kwenye zile zenye kadi kubwa za kizazi kipya cha RTX 50, nadhani na wao waliona.

Sasa kioo. Hapa ya 2024 inashinda na inashinda mbali. Ni OLED, yaani kila pikseli inawaka yenyewe, pikseli 2880 kwa 1800, 120Hz, weusi wake ni weusi kweli, na rangi unazoziona ni zile zitakazotoka kwenye prazenteshen. Nilikaa na moja nusu saa kwa rafiki yangu, nikafungua picha ya sebule aliyorenda dogo, kivuli chini ya kochi ambacho kwangu ni doa jeusi pale kilionyesha mpaka nyuzi za zulia. Nilitamani. Ya 2023 ina IPS, kioo cha kawaida chenye taa nyuma, cha 165Hz, kioo kizuri tu na haking'ai, ukikaa barazani mchana hujioni uso, wakati OLED inang'ara kama kioo cha dirisha. Na OLED ukiacha menyu ile ile ya programu ya kuchora imesimama masaa nane kila siku kwa miaka, kuna hatari ya alama kubaki. Mtu anayechora siku nzima lazima alifikirie hilo.

Uzito watu wanaupigia kelele bure. Kilo 1.65 na kilo 1.5, ni gramu 150. Uzito wa kweli uko kwenye chaja, ya 2023 ni tofali la wati 240 na ya 2024 ni ya 180. Zote mbili darasani unaweza kutumia chaja ya Type-C ya wati 100, gemu zito hapana lakini kazi za kawaida inatosha. Kitu kingine ambacho muuzaji hakusemi, 2024 walibadilisha tundu la chaja, sio lile la duara tena, ni la bapa. Chaja ya duara ikifa unapata nyingine hata kwa mtu mwenye ASUS nyingine ya gemu, ya bapa ikifa utaisubiri iagizwe.

Na hapo ndo tunafika kwa fundi. Zote mbili hizi kwenye prosesa hawajaweka pesti ya kawaida, wameweka metali ya majimaji yenye galiamu, inapoza vizuri sana lakini inapitisha umeme na inakula aluminiamu. Fundi asiyejua akafungua akapangusa kama anavyopangusa pesti nyeupe, tone moja likidondoka pembeni bodi imekufa. Nimeshuhudia ya jirani, alipeleka feni zisafishwe vumbi tu, ikarudi haiwaki. Kwenye ya 2023 bodi ikifa umepoteza bodi na nusu ya RAM, kwenye ya 2024 umepoteza bodi na RAM yote pamoja. Kwa joto letu la Dar na vumbi letu lazima feni zisafishwe, kwa hiyo swali la nani ataifungua sio la pembeni. Ya boksi ina waranti, sawa, lakini muulize muuzaji waranti hiyo inafanya kazi hapa nchini au mpaka uirudishe ilikonunuliwa, maana akijibu kwa kuzungukazunguka basi hesabu kwamba huna.

Kwa hiyo msimamo wangu, kama ni mtu wa kusafiri, kazi yake picha na video, hela ya kupata yenye 32 anayo na ana mahali pa kuirudisha, achukue ya 2024 au hata ya 2025, atafurahi kila akifungua mfuniko. Kwa dogo nilimwambia 2023. Ndo ya mwisho kwenye ukoo huu kuwa na sloti, kadi ni ile ile na inapewa wati za kutosha, na hela inayobaki inanunua RAM.

Ubaya wa mtumba ni betri, huwezi kuijua kwa macho. Nikamwelekeza akifika dukani asianze na gemu, afungue lile dirisha jeusi la amri aandike powercfg /batteryreport, kisha asome mistari miwili, ile ya uwezo wa kiwandani na ile ya uwezo wa sasa hivi. Kiwandani inatakiwa iwe kama 76,000 mWh, kipimo cha umeme ambao betri inabeba. Ikiwa imeshuka chini ya 55,000 aondoke au bei ishuke kwa gharama ya betri mpya.

Alhamisi jioni akanipigia yuko hapo hapo kaunta, sauti ya chini, "kaka inasema sitini na moja elfu na kitu". Nikamwuliza na kijiti cha RAM umekiona? Akasema jamaa amekubali kufungua mfuniko, anatafuta bisibisi.