Mwalimu wetu anaogopa kushinda

Jumapili nimetoka uwanja wa Twaif, hapa Lamu, na kifua kimebana. Nusu saa ya mwisho hakuna aliyeshangilia. Uwanja mzima ulinyamaza tukitazama timu yetu inarudi nyuma, kidogo kidogo, kama maji yanavyokupwa, mpaka watu 11 wakajazana ndani ya boksi letu wakisubiri kufungwa. Wakafungwa. Dakika ya 89, kona, kichwa, 1-1.

Mliokuwepo mmeona. Mliokuwa Shela au mliokuwa baharini mmeshasimuliwa. Lakini kuna jambo moja nataka tulitazame kwa karibu, kwa sababu tangu Jumapili kila baraza nililokaa watu wanamlaumu beki aliyeshindwa kuruka kwenye ile kona. Beki yule hana kosa.

Rudini dakika ya 58. Tunaongoza 1-0. Winga wetu wa kushoto, kijana wa miaka 19, amemsumbua beki wao wa kulia tangu mpira uanze. Mara mbili amempita kama kwamba hayupo, mara ya tatu beki akamkata miguu na kupewa kadi ya njano. Kuanzia hapo beki yule hakuvuka tena nusu ya uwanja. Hakuthubutu. Alibaki kwao, macho kwa kijana, mikono kiunoni, akisubiri balaa jingine. Ndipo mwalimu, kocha wetu, akamwita refa: anataka kubadilisha. Akamtoa kijana, akaingiza beki wa tano.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya benchi. Kijana alitoka bila kumtazama mtu, akakaa chini kando ya ndoo ya maji, akafungua kamba za kiatu kimoja. Cha pili akakiacha. Akakaa hivyo hivyo, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, mpaka mpira ukaisha. Goli lilipoingia hakuinua kichwa.

Na beki wao wa kulia? Alipoona upande wake umebaki mtupu alisimama kidogo, kama haamini, kisha akaanza kupanda. Mara ya kwanza kwa woga. Mara ya pili kwa mbio. Kufika dakika ya 80 alikuwa ndiye winga wao, krosi moja baada ya nyingine, na ile kona iliyotuua ni yeye aliyeitafuta kwa kumgongesha mpira beki wetu ukatoka nje. Kwa hiyo mwalimu, kwa kuogopa kufungwa, alimtoa mtu pekee aliyekuwa akimzuia beki yule asipande. Winga mzuri ni mlinzi. Anamlinda kipa wako akiwa mita sitini mbali naye, kwa kuwa anayemwogopa hawezi kuja kwako.

Hii si mara ya kwanza. Ni mechi ya tatu mfululizo tunatangulia na kumaliza kwa sare. Sare tatu ni pointi 3, sawasawa na aliyeshinda moja akafungwa mbili. Wenye mpira wao waliliona hili zamani: Uingereza walianza kutoa pointi 3 badala ya 2 kwa ushindi mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata 1994. Katikati hapo, mwaka 1992, kipa akakatazwa kudaka kwa mikono pasi ya mguu ya mwenzake, kwa sababu watu walishachoka kutazama mabeki wakirudishiana mpira na kipa hadi saa iishe. Sheria zenyewe zimekuwa zikimkimbia mtu wa namna ya mwalimu wetu kwa zaidi ya miaka 30, naye bado anataka kucheza kana kwamba sare ni nusu ya ushindi.

Nilimfuata baada ya mechi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanishika bega. Nilicheza chini yake nikiwa mdogo, ananijua. Akaniambia, “Mwanangu, tusingerudi nyuma tungepigwa tatu. Pointi moja ni pointi.” Pale pale sikuwa na jibu. Nimelala na maneno yake siku mbili, na jibu langu ni hili ninaloandika.

Mnakumbuka fainali ya Ulaya, Julai 11, 2021, Uingereza na Italia pale Wembley. Tuliitazama wengi pamoja, na mwalimu alikuwepo. Dakika ya 2 Trippier anapiga krosi kutoka kulia, Shaw anaimalizia kushoto. Goli! Tazameni nani kampa nani: mabeki wawili wa pembeni, wote wako mbele, na Italia hawajui wamzuie nani. Baada ya hapo Southgate, kocha wa Uingereza wakati ule, na vijana wake wakaanza kurudi. Hakuna aliyewafukuza. Walirudi wenyewe. Italia wakachukua mpira, wakaukalia, na dakika ya 67 Bonucci akasawazisha kwenye purukushani ya kona. Rashford na Sancho, vijana wa kukimbia, wakakaa benchi mpaka mwisho kabisa wa muda wa nyongeza, wakaingizwa wapige penalti tu. Wote wawili wakakosa, na Saka akakosa. Italia 3, Uingereza 2. Dunia ikawaandama watoto watatu kwa uamuzi wa mtu mzima. Miaka mitatu kabla yake, nusu fainali ya Kombe la Dunia Urusi, ilikuwa vile vile: Trippier anafunga dakika ya 5, wanalinda, Croatia wanasawazisha na kuwamaliza 2-1 katika muda wa nyongeza.

Najua mtaniambia Southgate aliwafikisha mbali kuliko yeyote tangu 1966. Fainali mbili za Ulaya mfululizo, ni kweli, sikatai. Lakini ya pili nayo akafungwa, na Uhispania, 2-1, Berlin, na siku mbili baadaye, Julai 16, 2024, akaachia ngazi mwenyewe. Alijua amefika mwisho wa njia yake.

Na wale wa baraza wanaonitajia Ugiriki, mabingwa wa Ulaya 2004, nawaheshimu. Kocha wao Rehhagel alishinda robo fainali, nusu fainali na fainali, zote 1-0. Ila Ugiriki haikuwa na kikosi cha kufunguka mbele ya Ureno au Ufaransa. Sisi tuna kijana anayemfanya beki mzima aogope kuvuka nusu ya uwanja, na tunamkalisha kando ya ndoo.

Sipingi kulinda. Agosti 10, 2025, Kasarani, Harambee Stars ya Kenya walimfunga Moroko 1-0 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Ogam alifunga kipindi cha kwanza, Erambo akapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili chote wakacheza 10. Walilinda kwa jasho na damu, na mimi nililia kwa furaha. Moroko hao hao wakaenda kuchukua kombe, na mechi hiyo ndiyo pekee waliyofungwa. Lakini Benni McCarthy, kocha wa Stars siku ile, alilinda kwa kuwa amepungukiwa mtu. Mwalimu wetu anajipunguzia mtu yeye mwenyewe, hali timu ni kamili, uwanja ni wa nyumbani, na upepo uko nyuma yetu.

Nimetaja upepo. Sisi ni watu wa Lamu, na hapa hata mtoto anajua namna ya kushinda mashindano ya mashua. Ukiwa mbele ndipo mabaharia wanapanda mrengu, ubao wa kusawazisha chombo, na kujitupa nje ya chombo kwa uzito wao wote, na nahodha anaishika demani, kamba ya tanga, hata mkono uwake moto. Sijaona nahodha, kwenye mfereji huu wetu mbele ya mji, anayetangulia kisha akalegeza demani ili chombo kisipinduke. Angefanya hivyo mara moja, wenye chombo wangempa pole na usukani wakampa mwengine.

Mazuri ya mwalimu nayajua kuliko wengi. Hajawahi kuchelewa mazoezi. Nauli ya boti ya vijana ameitoa mfukoni mwake mara nyingi, na jezi zilifuliwa nyumbani kwake miaka ile hatukuwa na kitu. Aliwatoa vijana mitaani akawapa nidhamu, na kuna wazazi Langoni na Wiyoni watakaokasirika kwa ninayoyaandika, nami nitavumilia hasira yao. Kwa hayo yote apewe umeneja wa timu, heshima yake, na kiti chake mbele. Suala la pesa za kocha mpya halinitishi. Tulishawahi kuchangishana kwa mambo madogo kuliko hili.

Kinachonitisha ni kile alichokuwa akifundisha Jumapili bila kujua. Vijana wetu wanajifunza kwamba ukipata kitu kizuri, kazi yako ni kuogopa kukipoteza. Nimewaona mazoezini Jumatatu. Kiungo wetu, ambaye mwaka jana alikuwa anageuka na mpira katikati ya watu watatu, sasa anapokea na kurudisha nyuma kabla hajainua macho. Kipa anabutua hata akiwa hana mtu mbele yake. Hawakuzaliwa hivyo. Wamefundishwa, jioni baada ya jioni, na mtu anayewapenda, na ndiyo maana inauma. Na yule kijana wa kushoto hakuja mazoezini. Nikaenda kwao. Mama yake akaniambia yuko pwani anasaidia kupakua mzigo, na viatu vyake vimewekwa juu ya kabati.

Nilimkuta kwenye gati. Hakutaka kuzungumza habari ya mpira. Nikamuuliza swali moja tu: ile dakika ya 58, alikuwa amechoka? Akaweka chini gunia, akafuta uso kwa fulana, akasema, “Kaka, wallahi, nilikuwa ndio kwanza naanza.”

Kamati inakaa Ijumaa baada ya Isha. Nitakwenda. Nitamwamkia mwalimu kwanza, kama siku zote, kisha nitasimama mbele yake niseme aondoke kwenye benchi. Jumapili ijayo tunavuka kwenda Mokowe asubuhi, tupande gari hadi Mpeketoni, na nataka kijana yule awe ndani ya boti na viatu vyake vyote viwili.