Sanamu ya Freddie ni ya nani?

Kiswahili kinatutega hapa. Ukisema "sanamu ya Freddie", hujasema kama Freddie ndiye anayeonekana, ndiye mwenye mali, au ndiye aliyeitengeneza. Ka-"ya" kamoja kamebeba yote hayo, na aliyeitengeneza kweli, mama mmoja aitwaye Irena Sedlecká, amebaki nje.

Sanamu yenyewe iko Montreux, Uswisi, kando ya Ziwa Geneva. Ni ya shaba, kimo chake kama mita 3. Freddie Mercury, mwimbaji mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ameinua ngumi ya kulia, mkono wa kushoto umeshika nusu ya stendi ya maikrofoni, na koti lake ni lile la bizimu kifuani. Kundi lake la muziki wa roki, Queen, lilikuwa na studio mjini humo, na humo ndimo alimorekodi sauti zake za mwisho mwaka 1991, miezi michache kabla ya kufariki. Sanamu ilizinduliwa Novemba 25, 1996. Lakini mashabiki walikuwa wameshaiona: mwaka mmoja kabla, ilikuwa kwenye jalada la albamu ya Made in Heaven.

Je, jalada lile lilimfaidisha Sedlecká au lilimmeza?

Wanaosema lilimfaidisha wana hoja nzito. Sedlecká, mzaliwa wa Plzeň aliyeihama Czechoslovakia miaka ya 1960 na kuhamia Uingereza, ndiye pia aliyetengeneza sanamu ya Beau Brummell, mtanashati wa zamani, iliyoko Jermyn Street, London. Sijawahi kusikia mtu aliyefunga safari kwenda kuiona hiyo. Montreux watu huenda na maua, wakainua ngumi, wakapigwa picha. Isitoshe, wanasema, mkao ule aliubuni Freddie mwenyewe jukwaani. Mama wa watu aliukuta tayari.

Hapo kwenye "tayari" ndipo nisipokubaliana nao. Tazama video za ziara ya 1986: ngumi inapanda, sekunde haijaisha, jamaa kashageuka. Kuichagua sekunde hiyo na kuifanya isimame miaka na miaka bila kuonekana imeganda ni kazi ya mtu mwingine kabisa. (Tunamwita mchongaji, ingawa shaba haichongwi, hufinyangwa kwanza umbo la udongo, kisha ndipo shaba ikasubiwa.) Halafu kumbuka alikosomea: Prague, enzi za sanaa ya kijamaa, ambapo mkono wa mfanyakazi uliopaa hewani ulikuwa kama alfabeti. Mimi naiona alfabeti hiyo kwenye bega la Freddie. Huenda naona kupita kiasi, lakini naiona.

Sasa rudi kwenye jalada. Ziwa, mawingu, na sanamu karibu imekuwa kivuli kitupu. Kilichobaki ni mkao, yaani ile sehemu ambayo Freddie ana haki ya kuidai. Uso, bizimu, mikunjo ya koti, kila mahali vidole vya Sedlecká vilipopita, vimezama gizani. Simlaumu aliyelibuni jalada. Albamu ilikuwa ya kumuaga marehemu, na kivuli kilifaa. Ila ni vigumu kusema kazi ya mama yule "ilitangazwa" wakati kilichotangazwa ni umbo lake la nje tu.

Nakala kubwa zaidi ya sanamu hiyo iliwekwa juu ya mlango wa Dominion Theatre, London, mwaka 2002, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wenye nyimbo za Queen. Mchezo ulipokoma 2014 ikashushwa, na ikaishia bustanini kwa Roger Taylor, mpiga ngoma wa kundi. Kwa hiyo sasa ipo sanamu ya Freddie ya Roger. "Ya" zimekuwa mbili, na Irena bado hajapata yake.