Siku Niliyoitakatisha Winchester

Kama ulilelewa na mama wa Kitanga, sheria ya jikoni unaijua: sufuria usipojiona uso wako ndani yake, haijaoshwa. Nimesugua masufuria kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikaota sugu, na nilipopata kazi ya kuangalia mzee mmoja huko Texas, sugu zile nilisafiri nazo.

Mzee mwenyewe ana miaka 81, goti bovu na mdomo mzima. Siku moja alishusha ukutani bunduki fupi ya marehemu babu yake, karabini ya kiwanda cha Winchester cha Marekani, ile modeli ya 1892. Chini ya triga ina mkono wa chuma wa kuingiza vidole: ukiusukuma mbele ganda linaruka juu, ukiurudisha risasi nyingine imeshaingia. Ubavuni ina pete ya kuitundika kwenye tandiko la farasi.

"Hii ni akili ya John Browning," akaniambia, kama vile huyo mbunifu wa bunduki ni jirani wa nyumba ya pili. Ilitoka kiwandani 1897, akaendelea, na sheria ya serikali kuu ya Marekani inaihesabu silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899 kuwa ya kale, si bunduki tena. Bunduki isiyo bunduki! Nikajua dawa za presha zimemzidi.

"Jumamosi anakuja mtu kuithamini. Nitunzie." Akaenda kulala siku mbili kwa binti yake.

Nami nikatunza.

Chuma chenyewe kilikuwa aibu tupu. Kahawia hapa, weusi pale, madoa kama ya ndizi iliyopitiliza kuiva. Mgeni aje aone hivi? Nikahakikisha haina risasi, nikachukua stilwaya, sabuni ya vyombo na ndimu mbili. Kahawia ikatoka. Weusi ukatoka. Kibuluu fulani kilichojificha karibu na pete nacho nikakifukuza. Kufika saa sita usiku mtutu unameta kama kijiko cha harusini. Kwenye kitako mhuni fulani alikuwa amechonga herufi mbili kwa kisu, nikazipiga msasa. Nikamalizia na mafuta ya nazi niliyotumiwa kutoka nyumbani, na hapo, sifichi, nilijiona fundi.

Jumamosi mthamini akaja na glavu nyeupe na kioo cha kukuzia. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Mnaoka keki ya nazi?"

Akainama mezani. Akanyamaza. Kisha akavua glavu, akazikunja taratibu na kuzirudisha mfukoni, kama daktari aliyeitwa amechelewa.

Darasa la siku ile sikulilipia ada. Kumbe wakusanyaji hawanunui chuma, wananunua uzee wake. Ile buluu ya kiwandani, hata ikibaki ya ukubwa wa ukucha, ndiyo pesa yenyewe. Kahawia niliyoiita kutu ni ngozi ambayo chuma kimeiota kwa zaidi ya miaka 100. Modeli ya 1892 zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo kupata moja si kazi. Kazi ni kupata ambayo haijaguswa. Mzee alikuwa nayo, pamoja na barua kutoka jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, wanakotunza madaftari ya kiwanda. Kabla ya ndimu, dola 6,000. Baada ya ndimu, 1,500.

"Na herufi za babu?" mzee akauliza, anapapasa kitako. "Ziko wapi herufi za babu yangu?"

Mimi huyo naangalia feni ya darini.

Usiku nikampigia mama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Lakini ilitakata?"

"Ilitakata, mama."

"Basi."

Asubuhi nikakuta vikaratasi nyumba nzima, vimeandikwa kwa wino mwekundu: USIOSHE. Kimoja kwenye kikaango cheusi cha marehemu mkewe. Kimoja kwenye buti. Kimoja kwenye kofia. Nikabeba beseni la maji ya moto kwenda chumbani, maana ilikuwa siku ya kumwogesha. Mzee amekaa kitandani kifua wazi, kajibandika na yeye.